Mfalme wa Kimaratha kwenye Ukuta wa Changamwe

Kabla hamjanunua rangi, lambeni ukuta.

Najua mtacheka. Hata mimi nilicheka siku fundi Odhiambo aliponiambia hivyo. Tulikuwa mbele ya duka la vipuri huko Changamwe, mimi msichana wa Timbwani niliyejifunga leso kiunoni, yeye mtu wa bara aliyekuja pwani kuandika namba kwenye matangi ya mafuta. Akatoa ulimi, akaugusa ukuta, akatema pembeni. "Chumvi," akasema. "Huu tukiupaka leo, rangi itabanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha." Tukauosha kwa maji ya mfereji, tukauacha ukauke, tukauosha tena. Mwenye duka alinung'unika kwamba ametuita tumwandikie bango, si tumfulie nyumba. Lakini bango lile lilikaa mpaka duka lenyewe likafungwa.

Jina langu ni Mejumaa. Nimeandika mabango kwa brashi huku Mombasa bara tangu ujana wangu mpaka mashine za kuchapa turubai zilipokuja kutupumzisha. Maduka ya Kisauni, maghala ya Changamwe, vibanda vya Likoni, nimeviandika mimi, na vingi vimeshapakwa rangi nyingine juu. Nyinyi mnaosomea kuchora kwa kompyuta mmenitaka niwaeleze kazi ilivyokuwa. Nikianza kuzieleza zote tutakesha. Nitawaeleza moja, ile ya ukumbi wa Bwana Vasant, maana ndiyo iliyoniuliza maswali mengi kuliko nyingine.

Bwana Vasant alikuwa na kiwanda kidogo cha magodoro Changamwe. Watu wake ni Wamaratha, Wahindi wa upande wa magharibi wa nchi ile, na hapa Mombasa si wengi. Marehemu baba yake alijenga ukumbi ubavuni mwa kiwanda ili zile familia chache zipate mahali pa harusi na ibada. Ukumbi ulikuwa umevuja na kutengenezwa upya, na mwanawe akataka ukuta mrefu uchorwe kabla ya kufunguliwa.

"Fundi," akaniuliza siku ya kwanza, "unaweza kuchora farasi?"

"Naweza kuandika 'farasi'," nikamjibu, "kwa herufi nzuri sana."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilikuwa nimemwambia kweli. Mama yangu hakupenda nichore viumbe. Alisema sura aziumbazo Mungu zatosha, kwa hiyo miaka yangu mingi niliishia kwenye herufi, mishale na vikombe vya chai vyenye moshi. Wakati huo mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nami nilikuwa nimezungumza na sheikh wetu wa Timbwani, akaniambia maneno yaliyonituliza moyo. Bado mkono wangu ulikuwa mgeni kwenye nyuso. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniingiza kwenye mambo.

Bwana Vasant alitaka nichore safari ya mfalme wao kwenda kusini. Mfalme huyo aliishi zamani sana, kwenye milima ya magharibi ya India, na alikuwa ameshajijengea ufalme wake huko kwa ngome moja baada ya nyingine. Akiwa mtu mzima, mwenye taji tayari, alikusanya jeshi akashuka kusini kabisa, mwendo wa miezi, kwenye nchi ambazo watu wake hawakujua hata lugha yake.

"Alifuata nini huko?" nikauliza.

Bwana Vasant alikuwa akivuta tepu ya kupimia ukuta. Akaiachia, ikarudi kwa kishindo. "Haki yake. Baba yake alikuwa na ardhi kusini. Alipokufa ikabaki mikononi mwa ndugu yake mdogo, mtoto wa mama mwingine. Mfalme akasema, nusu ni yangu."

"Na yeye ana ufalme mzima?"

"Haki ni haki, fundi."

Nikaokota ncha ya tepu. Sikuwa nimekuja kugawa mirathi ya Wahindi.

Kwa siku nyingi nilifanya kazi ya ukuta tu. Nilikwangua chokaa ya zamani, nikaosha chumvi, nikaziba nyufa, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya chini nyeupe na kuiacha ishike. Kisha nikachora mistari kwa uzi uliopakwa chaki. Mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, unauvuta uzi katikati na kuuachia, unabaki mstari ulionyooka kuliko rula yoyote. Ukuta mzima ukawa miraba. Mchoro wako mdogo wa karatasini nao una miraba, basi unahamisha mraba mmoja mmoja. Aliyenifundisha hivyo ni Odhiambo. Alikuwa akisema anayekurupuka kuchora kichwa atakosa nafasi ya miguu, na ni kweli, nimeona simba wengi wasio na miguu katika mji huu.

Nikaanza na msafara. Farasi, ngamia, ndovu, askari wa miguu. Nilijisifu kimoyomoyo. Bwana Vasant akaingia na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya ndovu, akainamisha kichwa huku na huku.

"Fundi, hawa ndovu umewatoa wapi?"

"Ndovu ni ndovu, Bwana Vasant."

"Hawa ni wa Tsavo. Ona masikio! Ndovu wetu masikio yake madogo. Na mgongo umebonyea, wetu wana mgongo wa kuinuka."

Wallahi, sikuwahi kujua. Ilinibidi nipake anga juu ya masikio ya kila ndovu, na anga iliyopakwa juu ya kijivu haikubali kuwa buluu mpaka uirudie na kuirudia. Na ngome ya Jinji, ile kubwa aliyoiteka mfalme, nilikuwa nimeichora kama ngome yetu ya kisiwani, kuta nene kando ya bahari. Kumbe Jinji iko bara, juu ya vilima vitatu vya mawe, na ukuta umevifunga vyote kama mshipi. Nikaifuta. Mtafuta sana katika kazi hii. Futeni ikiwa bado mbichi. Ikishakauka inataka mara mbili ya jasho.

Lakini yale makosa yalinifungua macho. Nikaanza kuuliza kila kitu, na Bwana Vasant akapenda kuulizwa. Kila saa ya chai alikuja akakaa juu ya mtumba wa sponji na kusimulia.

Nilistaajabu kusikia kwamba mfalme, Mhindu, hakushuka kusini peke yake. Alipitia kwanza Golkonda kwa sultani Mwislamu, wakakumbatiana, wakafanya urafiki, naye sultani akamsaidia kwa fedha na mizinga. Nikauliza mara mbili nihakikishe nimesikia sawa. Akanieleza na Vellore, ngome iliyozungukwa na handaki la maji lenye mamba. Jeshi liliizingira zaidi ya mwaka na mfalme mwenyewe akachoka akarudi kwao kabla haijaanguka. Mamba wale niliwachora kwa furaha. Mamba ninawajua.

Na Jinji alipoishika hakuiacha ilivyokuwa. Alibomoa kuta mbovu, akajenga mpya, akachimba mahandaki, akaweka maofisa wake na akiba ya nafaka.

"Mbali hivyo na kwake?" nikauliza. "Ya nini kutengeneza nyumba usiyoikalia?"

"Hakuikalia yeye. Alipokufa, maadui wakaingia nchi yake ya milimani, na mwanawe akakimbilia kusini. Jinji ikamhifadhi miaka." Akanywa chai. "Lakini hilo usichore. Hilo ni baadaye."

Kisha akaleta shida kubwa. Akataka sehemu ya katikati ionyeshe utawala.

Vijana, vita ni rahisi kuchora. Weka moshi, weka upanga, farasi asimame kwa miguu ya nyuma. Utawala unauchoraje? Nilijaribu mfalme juu ya kiti, watu wamepiga magoti. Nikaona huo ni ukaaji tu. Siku hiyo jioni nilivuka feri na karatasi tupu, na kesho yake nikamwuliza Bwana Vasant: "Aliamuru nini hasa? Nipe jambo ambalo mtu angeliona akipita njiani."

Akafikiri. "Alipopitia nchi ya sultani, alikataza askari wasichukue kitu cha mtu. Wanunue."

"Basi!" nikasema. Nikachora soko. Mama amekaa chini na biringani zake na pilipili, na mbele yake askari mwenye upanga mrefu ametoa mkono kumlipa, na nyuma askari wengine wanangoja zamu. Watu wa kiwanda waliokuwa wakija kuchungulia waliipenda picha hiyo kuliko mizinga yote. Mmoja alisema laiti angekutana na askari wa aina hiyo.

Ubavuni mwa soko nikachora maofisa wakipima shamba kwa kamba ili ushuru ujulikane, na mkulima amesimama anatabasamu.

Hapo ndipo Murugan aliposema neno. Huyu alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu wa kusini kulekule, Mtamil, mpole, aliyekuwa akila chakula chake kimya mlangoni. Akaja mpaka kwenye ukuta, akamtazama mkulima.

"Huyu anacheka nini?" akaniuliza.

"Kuna utaratibu sasa," nikasema. "Shamba linapimwa."

"Dada, kamba hii ni ya nani? Yake au yao?" Akanyoosha kidole bila kugusa rangi. "Kwetu sisi ndio tuliokuwa na shamba. Leo jeshi hili, kesho jeshi lile. Kila aliyekuja alikuwa na kamba yake na karani wake, na kila mmoja alichukua nafaka. Huyu mfalme wa bosi wangu ni shujaa, sikatai. Lakini mkulima usimchekeshe."

Bwana Vasant alikuwa amesikia. Nikamtazama nione atasema nini, maana ukuta ni wake. Aliuma mdomo kidogo, kisha akasema, "Mtie mkulima uso wa mtu anayehesabu kimoyomoyo." Nikafanya hivyo. Ulikuwa uso wa kwanza kuuchora uliokuwa na mawazo ndani yake, na niliona fahari.

Ikabaki sehemu ya mto, na baada yake nafasi ya mwisho ambayo mfalme alitakiwa arudi kwao juu ya farasi mweupe.

Mto ndio uliokuwa karibu na kambi walipokutana ndugu wawili. Mfalme alimwita mdogo wake aje wazungumze habari ya urithi. Mdogo akaja, wakakaa siku kadhaa, wakala pamoja, lakini kila mazungumzo yalipofika kwenye nusu ile, mdogo alinyamaza. Mwishowe aliona huenda atafungwa. Usiku akatoroka, akavuka mto juu ya chelezo, magogo tu yaliyofungwa kwa kamba, akarudi mji wake wa Tanjavur.

"Nataka hofu yake ionekane," Bwana Vasant akaniambia.

"Nyuso zanipa taabu, unajua. Mfalme nimemtoa kwenye kalenda uliyonipa. Huyu nitamtoa wapi?"

Kesho yake akaniletea picha ya kijana mwembamba mwenye masharubu membamba, amegeuza uso upande. "Tumia huyu."

Sikuuliza ni nani. Mimi niliyeuliza kila kitu mpaka rangi ya kilemba, hilo halikunijia. Nilifurahi tu kupata picha yenye mwanga mzuri. Nikauhamisha uso ule mraba kwa mraba, nikaufungua macho kidogo yawe na hofu, nikamweka juu ya magogo, maji yakimpiga magotini, anatazama nyuma. Ulitoka uso hai. Wafanyakazi wakawa wanaingia, wanatazama, wanatoka bila kuongea. Nilidhani wamevutiwa na ufundi.

Siku ya tatu akaingia mwanamume mnene kiasi, nywele zimeanza mvi, ameshika funguo za gari. Alinisalimia vizuri akapita polepole kutoka kwa ndovu. Alipofika mtoni akasimama. Funguo zikaacha kulia.

"Nani amekwambia unichore hapa?" akauliza bila kugeuka.

Nikamtazama yeye, nikautazama ukuta. Ongeza mwili, toa masharubu. Nikaiweka brashi juu ya kopo.

"Picha nilipewa," nikasema. "Sikujua, bwana. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua," akasema yule bwana, akageukia mlangoni. Bwana Vasant alikuwa amesimama mlangoni. Yule bwana akamwambia maneno ya Kimaratha, machache, sauti ya chini. Kisha akatoka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia malori ya barabarani.

Murugan ndiye aliyenieleza. Yule ni Anil, ndugu mdogo wa Bwana Vasant. Marehemu baba alimwachia Vasant kiwanda, na yadi ya mbao ya Kisauni alikuwa akiiendesha Anil na mkewe. Sasa Vasant amekwenda kwa wakili anadai nusu ya yadi, na Anil ameapa kwamba kabla ya kugawa ataiuza yote kwa mtu wa nje. Walikuwa hawajasemezana mwaka mzima. Siku ile Anil alikuwa amekuja kujaribu kuongea.

Nilifunga makopo yangu nikaondoka. Niliona haya hata ya kudai malipo yangu.

Baada ya siku chache nilisikia hodi nyumbani Timbwani. Alikuwa mwanamke wa Kihindi, amejifunga shali juu ya gauni, viatu vimejaa vumbi la kutoka kivukoni kwa miguu.

"Shikamoo, Bi Mejumaa. Mimi ni Sunanda, mke wa Anil."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Kama umekuja kunigombeza una haki."

"Nimekuja kukuuliza. Ile hadithi umeambiwa mpaka wapi?"

Nikamwambia: mpaka mtoni, kisha mfalme anarudi kwao.

Akatingisha kichwa. "Haiishi hapo. Vasant anaikata." Nikampa chai, naye akaniambia yaliyobaki, akiwa amekaa mkekani na viganja vimezunguka kikombe.

Yule ndugu alipotoroka, mfalme hakumfukuza. Aliwaachia watu wa mdogo wake aliokuwa amewazuia, akawapa zawadi, akawarudisha kwa bwana wao. Lakini mfalme alipokwisha kuondoka, mdogo akaja na jeshi kuwapiga waliobaki, wakapigana, watu wakafa wengi, na mwisho mdogo akashindwa. Mfalme angeweza kummaliza. Badala yake akamtumia maneno makali ya kaka kwa mdogo wake, na mdogo akajifungia, hali, hasemi. Mkewe ndiye aliyemwinua. Alimwambia yule ni kaka yako, amekaa mahali pa baba yako, nenda mkapatane. Wakapatana. Na mfalme, aliyesafiri mwendo wote ule kudai nusu, akamwachia mdogo wake Tanjavur. Tena sehemu nyingine za kule akampa yule mke ziwe zake mwenyewe.

"Unajua walisemaje?" Sunanda akauliza, macho yakang'aa. "Walisema ni za bangili na choli, kile kiblauzi cha sari. Miji mizima, Bi Mejumaa! Ya bangili!"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha ghafla. "Yadi ile naiendesha mimi. Mbao zikiingia napokea mimi, wapasuaji nawajua na watoto wao. Anil anamleta mnunuzi mwisho wa mwezi. Wewe ndiye mwenye brashi."

"Brashi yangu, ukuta wake," nikasema. "Sitachora kwa siri, mwanangu. Lakini kuuliza naweza."

Nikavuka kesho yake. Bwana Vasant alikuwa ofisini. Nikasimama mbele ya meza.

"Bwana Vasant, yule mtu wa kwenye chelezo, alipofika ng'ambo alifanya nini?"

Uso wake ukakunjamana. "Sunanda amekuja kwako."

"Naam, amekuja. Na nimekuja kwako mchana, kwa mlango. Sitaki kumchora mtu aliye hai kwa fedheha bila yeye kujua. Uso ule nitaufuta bure, kwa rangi yangu. Au ukubali niumalizie hadithi yake."

"Kazi uliyopewa ni farasi mweupe."

"Basi tafuta fundi wa farasi."

Akanitazama sana. Nilikuwa nahitaji ile kazi, mjue. Mashine za turubai zilikuwa zimeshaingia na simu yangu ilikuwa imeacha kulia. Nilitoka pale nikarudi zangu kivukoni.

Hakupiga simu wiki ile. Hakupiga na iliyofuata, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Kisha asubuhi moja akapiga. "Njoo na makopo."

Nilimkuta amekaa juu ya mtumba wa sponji, peke yake, mbele ya mto. Nafasi ya mwisho ya ukuta ilikuwa bado nyeupe.

"Nimekuwa nikija kumtazama," akasema. "Anatazama nyuma, na mbele yake hakuna kitu. Umemwachia ukuta mtupu."

"Uliniachia wewe."

Akapangusa paji la uso. "Baba alikuwa akitusimulia hii tukiwa watoto, kitanda kimoja. Mimi nilipenda ngome. Zikiisha ngome nalala. Anil ndiye aliyekuwa akingoja mwisho. Asubuhi ananiambia kuhusu bangili, namwambia amezizua." Akasimama. "Niliambiwa mwisho na mdogo wangu, fundi, nikamwita mwongo. Nilipokuja kuusoma mwenyewe nilikuwa mtu mzima, na sikumwambia."

"Nichore?"

"Chora. Uso wa mtoni ugeuze wa mtu mwingine, yeyote. Lakini hapa mwisho," akapiga ukuta mtupu kwa kiganja, "hapa uweke wake. Na mfalme hapa mwisho asiwe wa kalenda. Tumia wangu."

Ilikuwa mbio. Nilianza kwa kuulamba ukuta, kwa mazoea, Bwana Vasant akanitazama kama nimerukwa na akili. Kwenye chelezo nikamtia kijana wa masharubu mazito asiyefanana na mtu wa mji huu. Kisha nikachora baraza, ndugu wawili wamekaa wakitazamana, nyuso upande. Mke nilimchora kwa mgongo katikati yao, mikono mbele, imejaa bangili mpaka viwikoni. Sunanda alikuwa amekataa kuwekwa uso. "Mikono yatosha," alisema. Bwana Vasant alikaa nimchore, na sijapata kuona mtu asiyetulia kama yule. Kila nikipima kidevu kinauliza saa.

Kadi ya mwaliko ilipelekwa Kisauni. Jibu halikurudi.

Siku ya kufungua, mnunuzi wa yadi akiwa bado hajaletwa, zile familia zao zilikuja zote, na wafanyakazi wa kiwanda na wake zao, na mimi nimevaa baibui jipya. Sufuria za chakula zilikuwa zinafuka nyuma. Bwana Vasant alikuwa anazunguka, anapanga viti vilivyokwisha kupangwa. Watu walikuwa wamekaa kula aliposimama katikati ya ukumbi, akaacha kuzunguka.

Anil alikuwa mlangoni, Sunanda nyuma yake.

Alipita kama siku ile, kutoka kwa ndovu. Alitua sokoni, akamtazama askari anayelipa, akatabasamu kidogo. Mtoni akasimama, akamwona kijana wa masharubu mazito, akaendelea. Akafika mwisho. Hapo alikaa kwa muda mrefu hata watoto wakaacha kugonga vijiko.

"Fundi," akaniita. "Pua hii ni ya nani?"

"Ni yako, bwana. Nimeitoa kwenye picha."

"Yangu haikupinda hivi."

"Imepinda," Bwana Vasant akasema kutoka nyuma. "Ni ya baba. Yangu ndiyo iliyokosewa, amenifanyia fupi."

Anil akageuka. "Yako ni fupi."

"Haikuwa fupi. Ni uzee."

"Pua haipungui kwa uzee, kaka."

Murugan alicheka wa kwanza, akajiziba mdomo kwa kiganja. Halafu wakacheka wachache, halafu ukumbi. Lakini wale wawili hawakucheka. Bwana Vasant alisogea mpaka karibu na ndugu yake akasema kitu cha Kimaratha, polepole, akitazama sakafu. Nilimwona Sunanda akishika mkono wake mwenyewe kwa nguvu.

Nikamsogelea. "Amesemaje?"

"Amesema amemwambia wakili aache. Yadi ni ya Anil." Akanishika bega. "Na duka lake la mbele ya kiwanda anataka liandikwe jina langu. La bangili."

"Na Anil amejibu nini?"

Sunanda alikuwa akilia, analia na kutabasamu. "Hajajibu. Amemwuliza kama ameshakula."

Nikamtazama Bwana Vasant. Alikuwa akitingisha kichwa kwamba bado, tangu asubuhi bado, na Anil alikuwa ameshamvutia kiti.